Maswali na Majibu: Gavana Alitoa Hesabu kwa Nani?

Gavana wa kwanza wa Wajerumani huku Tanganyika si Wissmann?
Siye, na swali hili nimeshalijibu zaidi ya mara moja. Hermann von Wissmann alikuja 1889 akiwa kamishna, kupigana na Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani. Gavana wa kwanza ni Julius von Soden, 1891. Wissmann alipata ugavana 1895. Someni kabla ya kubishana kijiweni.

Zanzibar ilikuwa na gavana yupi Mwingereza?
Hakuna. Alikuwapo Sultani, na aliyemshika mkono ni Mkaazi wa Kiingereza (Resident), yaani mwakilishi wa serikali ya Uingereza.

Babu anasema magavana wa Kijerumani walituletea reli na pamba. Mbona mnawasema vibaya?
Shikamoo yangu imfikie babu, lakini hesabu hiyo haijakamilika. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam 1905. Mwaka huohuo Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima chini ya macho ya akida, msimamizi aliyewekwa na Wajerumani, huku mashamba yao ya chakula yakiota magugu. Gavana Gustav Adolf von Götzen aliwapelekea majeshi. Hivyo ndivyo Vita vya Majimaji, na vilipoingia porini, askari walichoma maghala na mazao yaliyosimama shambani, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Wapo wanahistoria wanaokadiria waliokufa kufikia 300,000. Aliyemfuata, Albrecht von Rechenberg, alitaka kuwapa nafasi wakulima wenyeji. Walowezi wakampigia kelele hadi Berlin. Huko ndiko gavana alikotoa hesabu. Mmatumbi hakuwa na pa kumshtakia. Reli ilipofika Kigoma 1914, nani kati ya wazee wetu aliulizwa ipite wapi na ibebe nini?

Gavana wa kaunti Kenya ana tofauti gani na Evelyn Baring?
Baring, gavana wa Kenya ya kikoloni, aliteuliwa London, akatangaza hali ya hatari Oktoba 1952 bila kumuuliza mkulima wa Nyeri. Wa kaunti anapigiwa kura tangu 2013. Bunge la kaunti likimshtaki, Seneti inaweza kumwondoa. Ila wananchi wakianza kumshukuru kwa dawa zilizonunuliwa kwa kodi yao wenyewe, ukoloni unarudi kwa mlango wa nyuma. Nendeni kwenye vikao vya bajeti ya kaunti, mkaulize.

Mbona Tanzania ina gavana hadi leo?
Huyo ni wa Benki Kuu. Wa kwanza ni Edwin Mtei, 1966. Mikoani tuna wakuu wa mikoa, wanaoteuliwa na Rais bila kura ya mwananchi hata moja. Hilo ndilo ninalongoja mniulize.