Usianze na E8, anza na vioo viwili

Kijana mmoja wa Koboko aliniandikia juzi. Ana miezi minne anahangaika na mifumo ya mizizi, yaani mafungu ya mishale ya hisabati yanayoakisiana kama kwenye vioo, na sasa anafikiria kuhamia takwimu. Alinitumia na picha ya E8, mmoja wa mifumo hiyo, ile yenye mistari kama utando wa buibui. Nilicheka, maana picha hiyohiyo niliwahi kuichapisha kwenye duka la intaneti mjini Arua na kuibandika ukutani juu ya kitanda. Ilikaa pale mwaka mzima bila kunifundisha kitu.

Wakati huo nilijua kukariri orodha nzima ya mifumo hiyo, ile ya wanahisabati Killing na Cartan: familia nne za A, B, C na D, kisha wale watano wasio na familia, yaani E6, E7, E8, F4 na G2. Siku ya kuwasilisha mbele ya darasa, mwalimu alinisimamisha dakika ya tatu tu. "Hebu tuchoree A2, kisha uakisi mzizi mmoja kwa kutumia mwingine." A2 ni mishale sita kwenye karatasi. Nilisimama na chaki mkononi mpaka akanihurumia akaniambia nikae.

Likizo iliyofuata nilikwenda kumsaidia mjomba dukani. Mjomba ni fundi wa vioo, hukata vya madirisha na vya saluni. Siku moja hakukuwa na wateja, nikasimamisha vioo viwili wima kama kitabu kilichofunguliwa, katikati nikaweka kifuniko cha soda. Kwa pembe ya nyuzi 60 vinaonekana vifuniko sita: kimoja halisi, vitano vya kiooni. Kwa nyuzi 45 vinakuwa vinane, na kwa 36 vinakuwa kumi. Ukiweka 50 mambo yanaharibika, taswira za nyuma zinagongana na nyingine inakatika. Mjomba akaingia. "Wewe, hivyo vioo vya mteja!" Nikamwambia nasoma. "Basi soma na hivyo vilivyovunjika kona."

Nilisoma na vilivyovunjika kona, na vilitosha kabisa. Ili taswira zipangike, pembe lazima iwe 180 iliyogawanywa kwa namba kamili. Kazi ya mwanahisabati Coxeter katika miaka ya 1930, alipoorodhesha makundi (mikusanyo ya miakisio na mizunguko) yote yenye kikomo yanayozaliwa na vioo katika nafasi ya vipimo (dimensheni) vyovyote, imesimama juu ya mchezo huo. Mizizi ni mishale inayochomoza wima kutoka kwenye vioo, kila kioo miwili, mmoja huku na mmoja kule. (Jina halihusiani na muhogo. Killing, kati ya 1888 na 1890, alikuwa akitafuta mizizi ya milinganyo.)

Kwa hiyo chora A2 kwa rula. Akisi kila mshale kwa kila mwingine mpaka uchoke, kisha fanya vivyo hivyo kwa G2 yenye mishale 12. Ni jioni mbili tu. Baadaye ukifika kwenye fizikia utaikuta A2 inakungoja: gluoni, chembe zinazobeba nguvu ya ndani ya kiini cha atomu, ziko nane, sita za mishale na mbili za katikati. Wanafizikia Gell-Mann na Ne'eman walipanga chembe kwa umbo hilohilo mwaka 1961.

Kinachofuata ni aljebra ya Clifford, namna ya kuzidisha vekta, yaani mishale kama hiyo. Hapo wengi hukimbilia matriksi, majedwali ya namba. Acha kwanza. Clifford mwenyewe, Mwingereza aliyefariki mwaka 1879 akiwa na miaka 33 tu, ametuachia kanuni mbili za kuanzia. Vekta yenye urefu wa 1 ikijizidisha hutoa 1. Vekta mbili zilizo pembe mraba zikibadilishana nafasi, alama inageuka: ab = −ba. Ukiwa na hizo, kuakisi vekta x kwenye kioo ambacho a, yenye urefu wa 1, inachomoza wima kutoka kwake, ni −axa. Akisi tena kwa b: hasi mbili zinafutana, unabaki na baxab, nao ni mzunguko wa mara mbili ya pembe iliyo kati ya a na b.

Sasa hesabu hii, usiisome tu. Chukua a na b zilizopishana nyuzi 60. Zao lao linazungusha nyuzi 120, na mara tatu ni 360, umerudi ulikoanzia. Kwa akili ya kawaida (ab)³ ni 1. Mimi nilipata −1. Nikafuta, nikarudia, −1. Umeme ukakatika, nikaendelea kwa tochi ya simu, −1. Nikalala nikiamini kitabu kimechapishwa vibaya.

Kitabu hakikuwa na kosa. Vekta haiioni hiyo hasi kwa sababu inakaa pande zote mbili za x na kujifuta. Ila kuna vitu vinavyoiona kwa sababu huzidishwa upande mmoja tu, vinaitwa spina. Mwanafizikia Dirac alipotafuta mlinganyo wa elektroni mwaka 1928 alihitaji vitu vinne vinavyogeuza alama vikibadilishana nafasi, yaani kanuni ya Clifford ile ile. Elektroni ukiizungusha nyuzi 360 inarudi na alama ya hasi, inataka 720. Mwaka 1975 majaribio ya nyutroni yalilionyesha jambo hilo. Ukitaka kuliona kwa mwili wako, weka kikombe juu ya kiganja na ukizungushe bila kukimwaga: mzunguko mmoja unakuacha umepinda kiwiko, wa pili ndio unaokunyoosha. Tumia maji baridi. Nimeshaunguza shati kwa chai.

Baada ya hapo nenda kwenye umbo la nyuso 20 za pembetatu, ikosahedroni. Kundi lake, H3, halimo kwenye orodha ya Killing kwa sababu pembetano huleta uwiano wa dhahabu (takriban 1.618) mahali pa namba kamili. Lina vioo 15, kwa hiyo mizizi 30. Zidisha mizizi hiyo miwili miwili na utapata spina 120, kila moja ikiwa na namba nne, na hizo ndizo mizizi ya H4 katika vipimo vinne. Hayo ni mazao ya shufwa, ya mizizi miwili miwili. Ongeza mazao ya witiri, yaani ya idadi isiyogawanyika kwa mbili, 120 mengine, jumla 240. E8 ina mizizi mingapi? 240. Mwaka 2016 mwanahisabati Pierre-Philippe Dechant alionyesha kwamba ukibadili kidogo namna ya kupima pembe kati yao, hiyo ndiyo E8 yenyewe, imetoka kwenye ikosahedroni.

Na ikosahedroni tunayo hapa nyumbani Uganda. Msitu wa Zika uko kando ya barabara ya Kampala kwenda Entebbe, na ndiko virusi vya Zika vilikotambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1947, katika damu ya tumbili. Ganda la virusi hivyo lina nakala 180 za protini yake kuu, zilizopangwa kwa mizunguko 60 ya umbo hilo. Mizunguko tu, bila vioo: protini ni kama mkono, ukiiakisi wa kushoto unakuwa wa kulia, na virusi hawana wa kulia. Wanakaa upande wa shufwa, kwa sababu mzunguko ni miakisio miwili.

Nilimjibu kijana wa Koboko aibandue ile picha, achore A2, kisha anihesabie (ab)³. Jana usiku ujumbe wake ukaingia: "Kaka, nimerudia mara nne, napata −1. Nimekosea wapi?"