Mkaa Uliokolea Usiingie Chumbani

Wapangaji wenzangu wa Mabatini, Igogo na kote milimani huku Mwanza tunakoishi chumba kimoja kimoja, nawaomba: msiingize jiko la mkaa ndani, hata kama halitoi moshi.

Utaratibu wetu wa masika naujua. Mtu anawasha jiko barazani, analipepea mpaka moshi uishe na makaa yawe mekundu, ndipo analiingiza ndani lichemshe maharage na watoto wapate joto. Mlango unafungwa, khanga inachomekwa chini yake. Anaamini hatari imeishia nje pamoja na moshi. Kumbe makaa hayohayo mekundu yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hung'ang'ania chembe nyekundu kuliko oksijeni, kwa nguvu ya zaidi ya mara 200, na mwili unakosa hewa huku mtu anapumua vizuri tu. Ukiyafunika makaa kwa majivu, bado yanaitoa. Jiko banifu nalo linakula mkaa kidogo, lakini si la kulala nalo.

Jirani yangu mmoja alikuwa ametoka kujifungua. Kila asubuhi kichwa kinamgonga, kichefuchefu, miguu haina nguvu, na mama yake aliyekuja kumtunza anaumwa vilevile. Duka la dawa wakawapa dawa ya malaria bila kuwapima. Nilipokwenda kuwajulia hali nilikuta jiko karibu na miguu ya kitanda, majivu yangali moto, na dirisha limezibwa kwa sandarusi ili mtoto asipigwe na upepo wa ziwani.

"Shikamoo mama. Mkikaa nje kichwa kinaendelea kuuma?"

"Marahaba. Hapana mwanangu, jua likipanda kinaachia."

Tukalitoa jiko, tukafungua dirisha, wakaenda hospitali na mtoto wao. Mungu ni mwema, wote wapo.

Swali hilo naomba kila mtu alishike. Malaria haikuachii kwa sababu umetoka nje kukaa barazani, wala haiwashiki watu wote wa chumba kwa asubuhi moja. Kapimeni malaria, ndiyo, ila mtazame na jiko linalala wapi.

Kinamama mnaobanika samaki kwenye vibanda vilivyofungwa, fungueni pande mbili upepo upite, na mjamzito asikae hapo, kwani gesi hii humfikia mtoto tumboni. Wenye jenereta, ikae nje mbali na madirisha, si koridoni. Uani kwetu tulimwomba mwenye nyumba, tukachanga bati na nguzo, sasa mvua ikinyesha tunapikia pale.

Ukikuta mtu amezimia ndani kuna jiko, fungua mlango na mtoe nje upesi. Usikae humo kumpepea, utaanguka na wewe. Mkimbize hospitali akapewe oksijeni. Kwa hewa ya kawaida huchukua kama saa 4 hadi 6 gesi kupungua nusu kwenye damu. Kwa oksijeni tupu ni kama saa moja na nusu. Na mwambie daktari waziwazi, "Walilala na jiko la mkaa," maana kile kipimo cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni imetosha wakati mgonjwa hana.