Fundi Anajibu: Amplifaya ya Pili Itapata Wapi Umeme Wake?

SWALI: Ndugu mhariri, salamu. Nina Toyota Corolla yenye amplifaya ya chaneli 4 inayoendesha spika za milangoni, wati 60 kwa kila chaneli. Sasa nimenunua sabufa ya inchi 12 pamoja na amplifaya yake ya chaneli moja, ya wati 500. Fundi wangu anasema hakuna haja ya kuvuta waya mwingine kutoka kwenye betri: ataunga amplifaya mpya kwenye waya wa ile ya zamani, kisha atanifungia kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme kidogo na kuutoa ghafla) ili taa zisififie besi inapopiga. Alteneta yangu imeandikwa ampea 80. Je, nikubali? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Usikubali, ndugu yangu, na tuanze na hesabu ambayo fundi wako ameiruka. Amplifaya yako ya kwanza ina jumla ya wati 240, lakini ikiwa ni ya aina ya AB, ambayo hugeuza karibu nusu ya umeme kuwa joto, inapopiga kwa nguvu zake zote huvuta takriban ampea 32. Ya pili, ikiwa ni ya aina ya D kama zilivyo nyingi za sabufa siku hizi, hupoteza kidogo zaidi ya sehemu moja ya tano tu, hivyo itavuta kama ampea 45. Kwa pamoja ni ampea 77, na hapo bado hujawasha taa, feni wala kiyoyozi.

Usishtuke, kwa sababu muziki haupigi kwa nguvu zote kila wakati, na wastani wake huwa mdogo sana kuliko kilele hicho. Alteneta ya ampea 80 itakutosha ukiwa barabarani. Itakapokulemea ni kwenye foleni usiku, injini ikiunguruma polepole, kwani alteneta haitoi ampea zake zote mpaka izunguke kwa kasi.

Sasa tazama huo waya wa zamani. Waya wa shaba wa namba 8, ambao ndio mafundi wengi huufungia amplifaya ya kwanza, una unene wa milimita mraba 8 hivi. Ukipitisha ampea 77 kwenye mita 5 za waya huo, kutoka kwenye boneti hadi kwenye buti, utapoteza takriban volti 0.8 njiani, na waya wenyewe utapata moto chini ya zulia. Waya wa namba 4, wenye milimita mraba 21, utapoteza volti 0.3 tu. Kwa hiyo ng'oa wa zamani, vuta mmoja mnene, na ukifika kwenye buti ugawe kwa kigawanyio chenye fyuzi mbili, moja kwa kila amplifaya. Ukiwa dukani, kwangua ncha ya waya kwa wembe: ikionekana nyeupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, nayo hupitisha umeme kwa shida zaidi, hata muuzaji akiapa.

Fyuzi kuu, ya ampea 100, ikae karibu na betri, umbali usiozidi nusu mita. Wengi huiweka kando ya amplifaya wakidhani kazi yake ni kuilinda. Fyuzi hiyo hulinda waya: waya ukichubuka mahali unapopenya bati la mbele na kugusa bodi, hakuna kingine kitakachouzuia kuwaka.

Kuhusu kapasita, sioni sababu ya kuilipia. Ile ya faradi 1, volti zikishuka kutoka 14 hadi 13, hutoa jouli 13 na nusu, kiasi ambacho amplifaya yako ya sabufa hukimaliza kwa takriban sehemu mbili za mia za sekunde, na baada ya hapo ni alteneta ileile inayodaiwa kuijaza tena. Ukishafunga waya mnene, weka kipima umeme kwenye vituo vya amplifaya injini ikiwa inawaka na besi ikipiga. Volti zikibaki juu ya 13, umemaliza. Zikishuka chini ya 12, fedha ya kapasita uiweke kwenye alteneta kubwa zaidi.

Jambo moja zaidi kabla hujaunga sabufa: soma idadi ya omu, yaani kipimo cha ukinzani wake kwa umeme. Ikiwa ina koili mbili za omu 4 kila moja, ukiunga chanya kwa chanya na hasi kwa hasi utapata omu 2, na ukiziunganisha kwa kufuatana utapata 8. Linganisha na kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye amplifaya, usiende chini yake.

SWALI: Tangu niongeze amplifaya ya pili, spika zinapiga mluzi unaopanda kila ninapokanyaga mafuta. Tatizo ni alteneta? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Mluzi unaanzia kwenye alteneta, ila kosa huwa katika ufungaji. Mara nyingi amplifaya mbili hufungwa hasi zake sehemu mbili tofauti za bodi, moja kwenye bati safi na nyingine juu ya rangi. Kwangua rangi mpaka bati ling'ae, zifunge zote mbili kwenye nukta moja, kwa waya usiozidi nusu mita. Kisha hakikisha nyaya za RCA, zile zinazoleta sauti kutoka kwenye redio, hazijalazwa sambamba na waya wa umeme. Zipitishe upande wa pili wa gari. Mluzi ukiendelea, zima redio, chomoa RCA kwenye amplifaya, uwashe tena: ukinyamaza, unaingia kupitia RCA au redio; usiponyamaza, rudi kwenye ile hasi.