Hesabu mihimili kwanza: ushauri kwa anayetaka joistiki ya gemu za anga za juu

Wiki iliyopita, saa tano usiku, mpwa wangu alinitumia ujumbe: "Shikamoo anko. Kuna jamaa Kariakoo anauza joistiki na throto yake, chuma tupu, kama za marubani wa kivita. Nichukue?" Joistiki ni fimbo ya kuongozea chombo, throto ni kishikio cha kuongeza na kupunguza mwendo. Nikamuuliza anataka kuendesha nini. Akasema Elite Dangerous, gemu ya kompyuta ya kuendesha vyombo vya anga za juu. Nikamwambia aziache hela mfukoni mpaka tuongee.

Hapo ndipo tunapoteleza wengi. Tunaona kitu kizito, kina swichi kila kona, tunajua hiki ndicho. Chukua Thrustmaster Warthog, ambayo imeigwa kutoka vishikio vya ndege ya kivita ya Marekani, A-10C. Ni kifaa kizuri mno, sina neno nacho. Lakini joistiki yake haisokotwi kushoto na kulia, kwa sababu kwenye ndege kazi hiyo hufanywa na miguu juu ya pedali. Ukiinunua bila pedali kwa ajili ya anga za juu, umeshapoteza mhimili mmoja, yaani njia moja ya kukisogeza chombo kwenda na kurudi, kabla hujawasha injini.

Hesabu yenyewe ni hii. Ndege huinua na kushusha pua, hulala ubavu, hugeuza pua kushoto au kulia, halafu huenda mbele. Minne. Chombo cha anga za juu hakina hewa ya kuegemea. Kina vijinjini kila upande, kwa hiyo kinaweza pia kuteleza kando na kupanda au kushuka wima, pua ikiwa imeelekea kule kule. Hiyo ni mihimili 6. Wanaanga wa Apollo walipewa vishikio viwili kwa sababu hiyo hiyo: mkono wa kulia wa kugeuza chombo, wa kushoto wa kukisukuma.

Sasa ukiwa dukani, hesabu kwa vidole. T.16000M FCS, nayo ya Thrustmaster, ikiuzwa na throto yake ya TWCS: joistiki ina mihimili 3 ya kugeuzia chombo ukijumlisha kusokota, throto yenyewe 1, na pale kwenye throto kuna kijistiki kidogo cha kidole chenye 2. Sita, kamili. T.Flight Hotas X, ambayo ni ya bei ya chini zaidi, ina 5. Huo mmoja uliobaki utaupeleka kwenye vitufe, na maisha yataendelea.

Mpwa wangu akauliza, kuna tofauti gani hasa kati ya kitufe na mhimili? Ngoja nikupeleke kwenye mlango wa kituo. Kwenye Elite vituo vikubwa vinazunguka, na mlango ni mwembamba kama tundu la kutumbukizia barua. Umeomba ruhusa ukiwa ndani ya kilomita 7.5, umekubaliwa, taa za kijani ziko kulia kwako, na mwendo usizidi mita 100 kwa sekunde kwa sababu ukigusana na mtu utapigwa faini. Chombo kiko juu kidogo kuliko kinavyotakiwa. Enzi zangu za kibodi nilikuwa nagonga kitufe cha kushuka: chombo kinadidimia ghafla kama kimekanyagwa. Nagonga cha kupanda, kinaruka. Nimeshakwaruza mgongo wa meli kwenye ule mlango mara zisizohesabika, nimebeba shehena ya watu. Kwa kijistiki kile cha kwenye throto unasukuma kidogo tu, na chombo kinainuka pole pole kama ngalawa maji yanapojaa.

Turudi kwenye throto, maana wapo watakaokwambia huihitaji kabisa. Joistiki hurudi katikati ukiiachia. Throto hubaki pale pale ulipoiacha. Kila uamuzi mwingine unatoka hapo. Ukiwa unasafiri kati ya sayari kwenye Elite, saa ya kufika ikisoma sekunde 7 unarudisha throto hadi robo tatu, unaiacha, na chombo kinajipunguza chenyewe mpaka kinafika. Mkono wa kushoto uko huru kushika kikombe cha chai. Vitani vilevile: kile kipande cha buluu kwenye kipimo cha mwendo, ambapo chombo hugeuka upesi kuliko kwingine kote, mkono unakizoea bila macho kukitafuta. Mimi ni mbeba mizigo na mzururaji, throto inanitosha.

Anayependa kupigana huku ametelezea ubavuni, au anayecheza Star Citizen, gemu nyingine ya anga za juu, ni mtu mwingine. Huyo anahitaji kusukuma chombo mbele, nyuma, kando na juu kwa mkono mmoja, na akiachia kisimame. Joistiki mbili ndiyo dawa yake. Thrustmaster waliwahi kuziuza T.16000M mbili pamoja wakaziita Space Sim Duo, kwa kuwa ile joistiki unaweza kubadili vipande vyake ikakaa vizuri mkono wa kushoto. VKB, watengenezaji wengine wa joistiki, nao wana Gladiator NXT EVO ya kulia, na ya kushoto iliyolazwa iitwayo Omni Throttle. Nilikaa na joistiki mbili za rafiki yangu wiki tatu. Kwenye mapigano nilijiona bingwa. Kwenye safari ndefu mkono wa kushoto ulikuwa unauma kwa kuishikilia mbele muda wote. Nikamrudishia.

Jambo ambalo ningekuwa nalijua mapema lingeniokolea hela ni kilichomo ndani. Joistiki yangu ya kwanza niliinunua mkononi kwa mtu. Miezi ya mwanzo shwari. Halafu siku moja nimekaa tu, sijaishika, chombo kikaanza kupinda kushoto taratibu kama gari lenye tairi lisilo na upepo. Nikaongeza dedizoni, yaani lile eneo la katikati ambalo gemu hulipuuza. Ikatulia wiki moja, ikaanza tena. Nikaongeza tena. Mwisho joistiki ilikuwa inasukumwa karibu nusu ya safari yake ndipo chombo kishtuke.

Nikaipeleka kwa fundi redio wa mtaani kwetu, mzee mmoja asiyejua gemu ni nini. Aliifungua, akacheka. "Hii si voliumu tu, mwanangu?" Na kweli. Ndani kulikuwa na kitu kile kile cha kuongezea sauti redioni, kijimkono kinachotambaa juu ya utepe wa kaboni. Unaijua redio ya zamani, ukizungusha sauti inakwaruza krrr krrr? Basi joistiki yangu ilikuwa inakwaruza vivyo hivyo, ila badala ya masikio, mkwaruzo uliingia kwenye chombo. Alipuliza dawa ya kusafishia, akaizungusha mara nyingi. Ilidumu mwezi.

Kwa hiyo tafuta yenye sensa za sumaku, zile ziitwazo za Hall kwa jina la Edwin Hall aliyegundua jambo lenyewe mwaka 1879. Sumaku inapita karibu na sensa bila kuigusa, kwa hiyo hakuna utepe wa kulika. Ila kuwa mjanja: boksi linaweza kuandikwa sensa za sumaku kwa herufi kubwa, kumbe ni kwa kwenda mbele, nyuma na pembeni tu, wakati ile ya kusokota bado ni voliumu. Na kusokota ndiko kunakochoka kwanza. Uliza hilo moja kwa moja.

Mengine ni madogo. Joistiki iliyowekwa juu ya meza hukaa juu mno na bega litakuuma. Mimi nilikata ubao wa kupitisha chini ya mapaja nikaifunga kwa skrubu upande wa kulia wa kiti, kiwiko kikalala. Zenye taa nyingi chomeka nyuma ya kompyuta, au kwenye habu ya USB, kile kigawanyo cha matundu, yenye umeme wake. Na kama una mbili zinazofanana, kila moja iwe na tundu lake la siku zote, la sivyo utakuta kushoto kumekuwa kulia.

Mpwa wangu nilimpa kazi moja: aende na laptopu, achomeke, abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, aandike joy.cpl, afungue sehemu ya majaribio, kisha aondoe mikono kabisa na kuangalia kile kialama cha msalaba. Kesho yake akanitumia video ya nusu dakika. Msalaba unatetemeka kama una homa, na nyuma yake sauti ya muuzaji inasema, "Hiyo kawaida bosi, ikipata moto inatulia."

Nikamwandikia neno moja tu: ondoka.