Maswali na majibu: Namtuliza binti yangu kila usiku, mbona wasiwasi wake hauishi?

SWALI

Daktari, mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Tanga. Binti yangu wa pili ana miaka 11. Tangu mwaka jana, alipoanza kusomeshwa madrasa habari za najisi na twahara, amekuwa akirudia udhu mara sita au saba, na ananawa mikono kwa sabuni hadi ngozi imepasuka. Kila usiku ananiuliza kama ni msafi, kama nguo yake iligusa mlango wa choo, na kama sisi tutakufa kwa sababu yake. Namjibu kwa upole, anatulia kidogo, kisha anauliza tena. Nyumbani tumeshabadilisha mengi kwa ajili yake: mdogo wake haruhusiwi kukaa kitandani kwake, na bomba namfungulia mimi. Bibi yake anasema ana jini, na fundi mmoja tuliyemlipa alimpa kombe la kunywa na hirizi. Alipata afadhali wiki mbili, kisha yakarudi yaleyale. Duka la dawa walitupa vidonge vya kumtuliza usiku. Je, huu ni wasiwasi wa utotoni utakaoisha wenyewe, na mimi nifanye nini zaidi ili nimtulize?

JIBU

Mama, nianze na sentensi yako ya mwisho, kwa kuwa haipiti wiki bila mzazi kuniletea sentensi hiyohiyo: ufanye nini zaidi ili umtulize? Usifanye lolote zaidi. Umekwisha kumtuliza kupita kiasi, na nyumba nzima inakusaidia kumtuliza, na kutulizwa huko ndiko kunakoupa ugonjwa chakula. Najua neno hili ni gumu kumwambia mama anayeamka usiku kwa ajili ya mwanawe, lakini ukiyashika mengine yote katika jibu hili ukaliacha hili moja, nitakuwa nimekupotezea muda.

Uliyoyaeleza yanafanana sana na ugonjwa tunaouita OCD, yaani ugonjwa wa mawazo ya hofu yasiyotakiwa na vitendo vya kurudiwarudiwa ili kuyatuliza, ambao huwapata watoto wapatao mmoja hadi watatu katika kila 100 na mara nyingi huanza kabla ya balehe au karibu nayo, ingawa daktari atakayemwona ndiye atakayethibitisha. Si jambo la kungoja lipite. Watu wa pwani tuna jina lake la siku nyingi, wasiwasi, lililotoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya mnong'ono, na Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliuhesabu miongoni mwa maradhi ya nafsi pamoja na hasira, hofu na huzuni. Bahati mbaya neno hilo tumelitanua hadi likabeba kila hofu ndogo, na ndiyo maana mtoto mgonjwa huambiwa "acha wasiwasi" kana kwamba ameushika mwenyewe mkononi.

Shaka inapomjia binti yako kwamba mkono wake umegusa najisi, hofu hupanda. Akinawa, hofu hushuka, na ubongo wake huondoka na somo: nimenusurika kwa sababu nimenawa. Shaka ikirudi, hudai kunawa kulikorefuka zaidi. Sasa uitazame hali ya usiku. Anauliza, "Mama, mimi ni msafi?" Unamjibu, "Msafi, mwanangu." Hofu hushuka vilevile, na somo ni lilelile: nimenusurika kwa sababu mama amejibu. Kinywa chako kimekuwa bomba la pili. Wala usidhani kwamba anauliza kwa kuwa halijui jibu, analijua kukushinda. Anachokitaka ni uhakika usio na tundu hata moja, na bidhaa hiyo haipo duniani. Mimi na wewe hatuna uhakika huo kuhusu mikono yetu, ila tunakula ugali wetu na maisha yanaendelea.

Nilipata kumtibu mvulana wa miaka 13 aliyeogopa kwamba mtungi wa gesi umeachwa wazi. Baba yake, mtu mpole, alianza kumpigia picha koki ya mtungi kila usiku ili mtoto aitazame akiwa kitandani. Usiku wa kwanza picha moja ilitosha. Walipofika kwangu, simu ya baba ilikuwa na picha za koki zaidi ya mia mbili, nyingine zimepishana kwa dakika mbili tu, kwa sababu mtoto alikwisha kuhoji iwapo picha ni ya leo au ya jana, na baba akawa anaweka saa yake ya mkononi kando ya koki ili ionekane ndani ya picha. Hakuna aliyemfundisha mzee yule kufanya hivyo. Alifika huko hatua kwa hatua, kila hatua ikiwa ya huruma. Tangu mwaka 1995 wataalamu wana dodoso la kupima jinsi familia inavyojipanga upya kuufuata ugonjwa wa namna hii, na tafiti zilizolitumia zimekuwa zikielekea upande mmoja: familia zinazojirekebisha zaidi ndizo zenye watoto wenye dalili nzito zaidi, na tiba kwao huwa ngumu zaidi. Takriban familia zote hufanya hivyo, kwa hiyo sikulaumu, nakuomba uache.

Kuacha kwenyewe kuna utaratibu. Usikate kila kitu kwa siku moja, na usimtangazie katikati ya kilio. Zungumza naye mchana akiwa ametulia, umweleze kwamba kuna ugonjwa unaomfanya aulize, kwamba umegundua majibu yako yanaukuza, na kwamba kuanzia usiku fulani swali moja, mkilichagua pamoja, hutalijibu tena. Nashauri mwanze na swali la usiku kabla ya kugusa habari ya bomba, kwa kuwa hilo liko mikononi mwako, ilhali kunawa kuko mikononi mwake. Akiuliza, mwambie, "Naona umeogopa, na najua unaweza kukaa na hofu hiyo mpaka ipungue. Swali hilo sitalijibu." Useme mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha ukae naye bila kujibu. Siku za mwanzo atalia, atakasirika, pengine atasema humpendi; mambo huwa mabaya zaidi kabla ya kupoa, na mzazi akijibu siku ya tatu huwa amemfundisha kwamba kilio cha siku tatu kinalipa. Baba, bibi na dada wa kazi wote wawe na kauli moja, maana swali huhamia kwa yule anayejibu.

Hilo la kunawa na udhu litaongozwa na mwanasaikolojia tiba, kwa njia ya kuikabili hofu pasipo kuifuata, ambayo Victor Meyer aliitangaza kwa wagonjwa wawili wa London mwaka 1966 na ambayo hadi leo ndiyo tiba yetu ya kwanza. Mtoto hupanga hofu zake kama ngazi, kutoka sifuri hadi kumi, akaanza na kipago cha chini. Pengine ataligusa komeo la mlango wa choo kwa kidole kimoja, kisha akae mikono ikiwa juu ya magoti, asinawe, na kila baada ya dakika chache aseme hofu imefika ngapi: saba, saba, sita, nne. Huwa napenda kumtazama mtoto anapotaja nne kwa mshangao, kwa maana ndipo anapogundua kwamba hofu ilishuka bila sabuni. Hashikwi kwa nguvu, hafungiwi bomba, hachekwi. Ikiwa mwanasaikolojia yuko mbali nanyi, ujue pia kwamba wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani walichapisha mwaka 2020 utafiti wa watoto 124 wenye maradhi ya hofu, wakaonyesha kwamba kuwafundisha wazazi peke yao jinsi ya kupunguza kutuliza kulileta matokeo yasiyopungua ya tiba aliyopewa mtoto mwenyewe. Hao walikuwa watoto wa hofu kwa jumla, si wa OCD hasa, lakini mlango wa mzazi unafunguka kote kuwili.

Kwa habari ya udhu, nenda kwa ustadhi wa madrasa umweleze ugonjwa, umwombe ampe binti yako hukumu moja, mara moja tu. Ustadhi anaijua: viungo huoshwa hadi mara tatu, na kanuni ya mafakihi ni kwamba yakini haiondoki kwa shaka, kwa hiyo aliyekwisha kutawadha habatiliwi na mnong'ono. Baada ya hapo asimpigie ustadhi simu kila magharibi. Nimewaona watoto waliogeuza fatwa kuwa kitulizo kipya, wakihama kutoka kwa shekhe huyu kwenda kwa yule wakitafuta aliye mpole zaidi, au aliye mkali zaidi.

Na sasa fundi. Sina ugomvi na dua, wala na mzazi anayemsomea mwanawe kabla ya kulala. Ugomvi wangu ni na wanaoiuza. Ugonjwa huu hupanda na kushuka wenyewe, kama maji ya bahari, na watu humpeleka mtoto kwa fundi wakati maji yamejaa. Yakipwa, sifa ni ya kombe. Tena hirizi ni kitulizo kinachovaliwa shingoni: jibu la mama limeshonwa ndani ya kitambaa. Haitachukua muda mrefu kabla binti yako hajauliza kama hirizi yenyewe imeingia najisi alipokwenda nayo chooni, kama hajauliza tayari. Lakini baya kuliko yote ni lile neno jini. Mtoto ambaye ugonjwa wake ni mawazo ya kutisha asiyoyataka, na ambaye tayari anashuku kwamba atawaua wazazi wake, anaambiwa na watu wazima anaowaamini kwamba ndani yake mna kiumbe kibaya. Mnampa wazo jipya la kumtesa, na mnalilipia. Nimepokea watoto waliofukizwa hadi wakakohoa damu ya koo, na mmoja aliyechapwa ili atolewe kitu kisichokuwamo, na kila mmoja wao aliletwa akiwa na dalili alizokuja nazo kwa fundi pamoja na nyingine za juu yake.

Duka la dawa nalo halinifurahishi. Tazama jina la vidonge hivyo; ikiwa ni diazepamu au ndugu zake, haviutibu ugonjwa huu, humfanya mtoto asinzie darasani, na mwili huvizoea. Ikiwa amevitumia kwa wiki kadhaa, usivikatize ghafla. Mwone daktari akupangie jinsi ya kuvipunguza. Dawa zenye kazi hapa ni za aina nyingine, kama setralini na fluoksetini, na huandikwa na daktari, hungojewa wiki nane hadi kumi na mbili, na hufuatiliwa kwa karibu, hasa mwanzoni na kila kipimo kinapobadilishwa, kwa kuwa mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2004 kwamba zinaweza kuongeza mawazo ya kujiua kwa baadhi ya vijana. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka huohuo, watoto 112 walitibiwa kwa wiki 12: karibu wote waliopewa kidonge kisicho na dawa walibaki na ugonjwa, waliopewa setralini peke yake walipona asilimia 21, waliopewa tiba ya kukabili hofu asilimia 39, na waliopewa vyote viwili asilimia 54. Zisome tena namba hizo na uone kwamba hata njia bora haikumponya kila mtoto, halafu umkumbuke fundi wako anayeahidi wote.

Siku hizi wameongezeka na wengine, wenye suti na kurasa za mitandao, wanaoahidi kung'oa hofu ya mtoto kwa vikao vitatu. Huyu anamvisha mtoto mpira wa mkononi aufyatue kila wazo likija, yule anamfundisha kuvuta pumzi hadi wazo litoweke, na baada ya mwezi mtoto ana vitendo viwili vipya vya kurudia. Wanauza bidhaa ileile ya fundi na ya duka la dawa, ambayo ni nafuu ya papo hapo, na nafuu ya papo hapo ndiyo ugonjwa wenyewe.

Omba rufaa katika hospitali ya mkoa, ufike kitengo cha afya ya akili huko au Muhimbili, Dar es Salaam. Wasomaji wa Kenya wanaweza kuanzia hospitali ya kaunti au Mathari, Nairobi. Usingoje miadi iwapo mtoto anazungumzia kufa kwake mwenyewe, anakataa kula, au dalili zilizuka kwa siku moja au mbili baada ya homa na maumivu ya koo. Kwa yeyote utakayemkalia mbele, uliza maswali mawili kabla ya kutoa pesa: mtoto atafanya nini akiwa na hofu, na mimi nitafundishwa niache kufanya nini? Akikujibu kwamba mtoto hatahisi hofu yoyote na wewe huna la kubadilisha, mshike mwanao mkono mwondoke.