Maswali yenu wiki hii: kutetemeka mbele ya kilasi, imeili ya maksi, na kushrabu

Tangu muhula uanze maswali ya wanafunzi yamekuwa mengi kweli. Nimechukua haya matano, mengine yatafuata.

Dada, niko mwaka wa pili, tuna prezentesheni wiki ijayo. Nikisimama mbele mikono inatetemeka mpaka karatasi inasikika. Nimejaribu kukariri kila kitu lakini nikisahau neno moja yote yanapotea. Nifanyeje? (Kasarani)

Pole mdogo wangu. Kwanza ujue huko kutetemeka si ugonjwa na haimaanishi hujasoma, ni mwili umeona macho hamsini yamekuangalia ukamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, mate yanakauka, mikono imepata nguvu na haina kazi ya kufanya. Kawaida inakuwa kali zaidi pale mwanzo halafu ukiendelea kuongea inapungua yenyewe, kwa hivyo kazi yako ni kuvuka ile dakika ya kwanza tu.

Na kukariri kila neno ndo kunakuangusha, maana ni kama shanga kwa uzi, ukikatika mahali pamoja zote zinamwagika. Kariri sentensi mbili, ile ya kufungua na ile ya kufunga. Za katikati andika vichwa vitatu kwa herufi kubwa kwenye kadi ngumu, ile ngumu kama ya mwaliko wa harusi, sababu karatasi ya kawaida inapepea na kila mtu anaona, kadi haipepei. Ukifika mbele usianze mbio. Weka miguu yote chini, toa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta, mara tatu, halafu tafuta sura moja pale nyuma inayokusikiliza na hiyo sentensi ya kwanza umwambie yeye.

Ingine, fanya mazoezi kwa sauti. Ukisoma kichwani ulimi unakuwa umelala na siku yenyewe ulimi ndo unaitwa kazini. Mimi nikiwa chuo nilikuwa nasema prezentesheni yote nikisonga ugali kwa bedsita, simu nimeiseti dakika kumi, ikilia kabla nimalize najua kuna kitu cha kutoa. Na slaidi usizisome, wenzako wanajua kusoma, na ukigeukia ukuta sauti inabaki kwa ukuta.

Maksi za yuniti moja hazipo kwa transkripti yangu. Nimeandikia lekchara imeili mara tatu, "Habari, maksi zangu hazionekani, naomba usaidizi haraka iwezekanavyo," hajawahi kujibu. (Ngara)

Hii najua inavyouma, yangu pia iliwahi kupotea, nikazungushwa ofisi hii na ile karibu muhula mzima, na kilichoniokoa ni kwamba kadi ya mtihani nilikuwa sijaitupa.

Sasa hebu kaa kwa kiti chake kidogo. Ana yuniti kadhaa, labda wanafunzi mia mbili, anafungua imeili kwa simu akiwa njiani na anaona "maksi zangu". Za nani? Yuniti gani? Muhula upi? Ili akusaidie inabidi kwanza akuandikie akuulize hayo yote, anasema nitamjibu baadaye, na hiyo baadaye haifiki. Mpe kila kitu kwa imeili moja. Kwa kichwa weka msimbo (code) wa yuniti, namba yako ya usajili na maneno "maksi hazipo". Ndani andika hivi, na hata ukiandika kwa Kiingereza mpangilio ni uleule:

"Habari ya asubuhi Daktari. Mimi ni (majina yako mawili), namba ya usajili (andika), mwaka wa tatu. Nilifanya mtihani wa yuniti yako tarehe 14 Aprili na nikasaini orodha ya mahudhurio, lakini kwa transkripti pako wazi. Nimeambatisha picha ya kadi ya mtihani. Naomba unisaidie kujua kama maksi zilifika kwa idara. Niko kampasi Jumatatu hadi Alhamisi, naweza kupita ofisini saa itakayokufaa. Asante."

Hiyo ataisoma kwa nusu dakika na anajua afanye nini. Kama ni Profesa mwite Profesa, usimshushe. Neno "haraka" toa, linasikika kama amri. Subiri siku tatu nne za kazi, akinyamaza nenda mwenyewe na nakala umeiprinti, kwa sababu kuna watu hawasomi imeili lakini mlango wao uko wazi.

Nilisoma shule ya kijijini. Nikiongea Kiingereza kilasini nashrabu, yaani lugha ya nyumbani inaingilia matamshi, na watu wanacheka, sai nimeamua kunyamaza tu. (Umoja)

Hili limenigusa sana, tafadhali usinyamaze. Lafudhi na kueleweka ni vitu viwili tofauti. R na L zikibadilishana watu bado wanaelewa, lakini ukiongea mbio kwa sababu ya aibu ndo hawaelewi, kwa hivyo punguza kasi kabla hujafikiria kubadilisha lafudhi. Halafu chagua maneno matano ya kozi yako kila wiki, yale magumu, sikiza yanavyotamkwa, yaseme kwa sauti mpaka yazoee mdomo wako.

Na ukikwama katikati ya hoja, omba useme kwa Kiswahili. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 7, imeweka Kiswahili na Kiingereza zote lugha rasmi, na kifungu cha 120 kinaruhusu bungeni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kwa mtihani utajibu kwa lugha unayotakiwa, sawa, lakini majadiliano ya kilasi ni ya kuelewa. Na wewe unayecheka huko nyuma, mwenzako ana lugha mbili tatu kichwani na yuko hapo anajaribu, wacha kumfunga mdomo.

Tuliambiwa kwa semina kwamba asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti, maneno ni 7 tu. Ni kweli? (Rongai)

Si kweli vile inavyosemwa. Hizo namba zinatoka kwa utafiti wa Albert Mehrabian wa miaka ya 1960 huko Marekani, na zilihusu hisia, yaani mtu akisema neno huku sauti au uso wake unasema kingine, msikilizaji anaamini kipi. Hakusema somo la biolojia utalielewa kwa mikono. Angalia watu machoni, simama wima, lakini maneno yapange vizuri.

Mimi ndo kiongozi wa grupu ya watu sita. Nikituma ujumbe WhatsApp naona tiki za bluu lakini hakuna anayejibu, mwishowe nafanya asaimenti peke yangu. (Kayole)

Ujumbe wa "jamani tuanze asaimenti" unaenda kwa grupu nzima kwa hivyo haujaenda kwa mtu, kila mmoja anangoja mwingine aanze. Andika jina, kazi na siku: fulani utangulizi, Jumatano saa mbili usiku. Bora zaidi wakamate dakika kumi baada ya kilasi mgawane kazi mkiwa mmesimama hapo, kila mtu aseme kwa mdomo wake atafanya nini.

Yule anayenyamaza kabisa usimkaripie mbele ya grupu. Mpigie simu, umuulize uko sawa, halafu wewe nyamaza umsikie, usijaze hiyo kimya na lawama. Kuna mtu anafanya kazi usiku ndo alipe karo, kuna mwingine haelewi hiyo mada na anaona aibu kusema, mwingine hana bando. Hao watatu hawahitaji jibu moja. Kama ni bando, mgawie kazi ya kuandika kwa karatasi akuletee asubuhi. Kama ni mada, kaeni naye nusu saa maktaba. Mpigie leo jioni, usingoje siku ya kukusanya kazi.