Fuata Kaskazi: Kushuka Pwani ya Ureno kwa Baiskeli, Hema na Peke Yako

Ukinisikiliza jambo moja tu, lisikilize hili: anzia Porto, mji wa kaskazini, ushuke kusini. Usianzie Lisbon wala Sagres, kule ncha ya kusini, kwa sababu tu tiketi ya ndege ilikuwa rahisi. Kiangazi chote pwani ya Ureno huvuma upepo wa kutoka kaskazini, wenyewe wanauita nortada. Bara likishapata joto hewa yake hupanda, na upepo unaozunguka mgandamizo mkubwa wa hewa kule upande wa visiwa vya Azores hushuka kwa nguvu ukiambaa na ufuko. Asubuhi huwa mpole. Kuanzia saa saba mchana unachacha, na ikifika saa kumi unaweza kuiyumbisha baiskeli yenye mizigo mpaka ukashuka.

Sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki hatuna haja ya kufundishwa. Majahazi ya Uarabuni yalishuka na kaskazi, yakarudi na kusi, na hakuna nahodha aliyeona ushujaa kubishana na upepo. Mimi nilisukumwa kutoka Porto hadi Sagres, karibu kilomita 700 kwa siku 16, na kila siku nilipishana na watu waliokuwa wakipanda kaskazini, wameinama juu ya usukani, nyuso zimeungua kwa chumvi. Mmoja aliniambia alasiri ile alikwenda kilomita 12 kwa saa mbili. Kama huna budi kupanda, basi amka alfajiri, kanyaga, na ikifika saa sita uwe umeshafunga hema.

Nimezaliwa Tanga, mji ambao mtoto hujua baiskeli kabla hajajua mengi mengine, na sasa naishi Uholanzi. Kwa hiyo kukanyaga hakukunitisha. Kilichonitisha ni kulala nje peke yangu, mwanamke, katika nchi nisiyojua lugha yake. Usiku wa kwanza mama alinipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, unalala wapi?"

"Kwenye hema, mama. Lakini kuna uzio, kuna lango na mlinzi."

Na ndivyo ilivyo. Pwani yote ile ina kambi rasmi, nyingine za manispaa, zenye maji ya moto, masinki ya kufulia, na kona ya watu wenye mahema madogo. Mtu mmoja na baiskeli sikulipa zaidi ya euro 15 popote. Kwa anayesafiri peke yake, hasa mwanamke, nakushauri uzitumie kila usiku. Kwanza kwa usalama. Pili, sehemu kubwa ya kusini, kuanzia upande wa Sines hadi kuipita Sagres, ni hifadhi ya mazingira, na kulala porini ni marufuku, faini zipo. Mimi sikuona raha ya kulala nikisikiliza kama gari la askari linakuja.

Ukifika, omba sehemu yenye misonobari au ukuta upande wa kaskazini. Vigingi vya kawaida havishiki kwenye mchanga. Jaza mchanga kwenye mifuko ya nailoni, funga kamba za hema, uifukie. Na usidanganywe na jua la mchana: usiku wa Julai ukungu wa Atlantiki unapanda, hema linaamka limelowa kama lililonyeshewa, na baridi inakuingia mifupani. Nililala na soksi na sweta. Maji ya bahari nayo si ya Raskazone kwetu Tanga, jiandae kabla hujaruka.

Mizigo ndiyo iliyonipa somo langu kubwa. Barabara kuu zina lami nzuri, lakini ukiingia mjini unakuta mawe madogo ya mraba yaliyopangwa, na mawe yale yanatikisa kila kitu kilichofungwa kwenye baiskeli. Figueira da Foz, siku ya nne, nilisikia kitu kinakwaruza nyuma. Kerieri ilikuwa imelala upande wa kulia na begi linagusa spoku. Parafujo ya chini, ile inayokaa karibu na ekseli, ilikuwa imejifungua taratibu kwa siku nne, ikadondoka nisijue wapi.

Nikasukuma baiskeli mpaka kwenye kiduka cha vyuma. Mzee mwenye duka alikuwa amekaa nyuma ya kaunta ya mbao. Kireno sina, nikainama nikamwonyesha tundu tupu. Akavaa miwani, akachungulia, akasema, "Ah! Parafuso!"

Nikabaki nimemkodolea macho. Nyumbani Tanga ndivyo fundi anavyosema: lete parafujo. Nikamwambia, "Parafujo." Akacheka, akarudia kwa matamshi yangu. Nikapiga mbao ya mbele yake: "Meza." "Mesa!" Nikanyoosha kidole kwenye kikombe chake cha bati: "Kopo." "Copo!" Akafungua droo, akatoa parafujo tatu za milimita 5, akanifungia moja mwenyewe kwa mikono yake iliyojaa grisi, na mbili akazitia kwenye kipande cha gazeti.

Tangu siku ile kila jioni, kabla sijapika, nilizunguka baiskeli na ufunguo mdogo nikikaza kila parafujo. Dakika tano tu. Fanya hivyo hivyo. Beba na za akiba, spoku mbili ulizofunga kwa tepu kwenye fremu, tyubu mbili, viraka, pampu. Tairi ziwe pana, milimita 40 hivi. Nguo chache. Kila kilo unayoiacha nyumbani utaishukuru kwenye vilima kati ya Nazaré na Ericeira, ambako barabara inashuka bondeni na kupanda tena siku nzima.

Njia yenyewe kwa sehemu kubwa ni ile ya kimataifa ya EuroVelo 1, ila alama zake usizitegemee, weka ramani kwenye simu. Kutoka Porto hadi Aveiro ni tambarare. Unakwenda hadi São Jacinto, mwisho wa ulimi wa mchanga kati ya bahari na wangwa, na hapo unavuka kwa kivuko. Angalia saa za kivuko jana yake. Kisha inakuja njia ya baiskeli inayopita msitu wa Leiria kuelekea Nazaré. Oktoba 2017 moto uliteketeza zaidi ya asilimia 80 ya msitu ule. Mahali niliposimama kunywa maji, misonobari michanga ilinifika kiunoni, na katikati yake visiki vyeusi bado vimesimama. Nikagusa kimoja, kidole kikatoka na masizi. Kwa hiyo jiko lako la gesi liwashe kambini tu, mahali palipotengwa, na siku ambazo moto umepigwa marufuku kula mkate na dagaa wa kopo. Tafadhali, hili usilichukulie kwa urahisi.

Nazaré wengi wanakwenda kutafuta yale mawimbi makubwa. Ni ya majira ya baridi. Kiangazi utakuta watoto wanaogelea.

Lisbon ingia kwa kupitia Cascais, ukiambaa na maji. Daraja la 25 de Abril haliruhusu baiskeli, kwa hiyo unavuka mto Tagus kwa boti, na mbele tena, Setúbal, unavuka Sado kwa kivuko cha magari hadi Tróia. Ng'ambo ile ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote: mashamba ya mpunga ya Comporta, kijani mpaka mwisho wa macho, na korongo wamejenga viota juu ya nguzo za umeme. Ukifika Cabo Sardão utawaona wametaga juu ya miamba iliyosimama katikati ya mawimbi. Nilikaa pale saa nzima, upepo unanipiga mgongoni, nikimwangalia mmoja anavyotua kwenye kiota kisichozidi upana wa sinia.

Kabla ya hapo kuna Sines, mji alikozaliwa Vasco da Gama. Sanamu yake imesimama karibu na ngome, inatazama baharini. Huyu ndiye aliyefika Malindi mwaka 1498, na waliomfuata wakaja na mizinga; wakajenga Ngome ya Yesu Mombasa kuanzia 1593, na Waomani wakawatoa humo mwaka 1698. Sikupiga picha. Nilikaa kwenye ukuta nikala nanasi, neno jingine tulilolipata kwao, nikamkumbuka yule mzee wa Figueira na mikono yake ya grisi. Sikuona shida kumpenda yule mzee na bado kulikasirikia jambo hili. Ukitoka pwani yetu, usipite Sines mbio.

Chakula: kama hauli nguruwe, jifunze kusema "sem porco", bila nguruwe, kabla hujajifunza salamu. Hata supu ya majani, caldo verde, mara nyingi huletwa na kipande cha soseji ndani. Samaki wa kuchoma wapo kila mji na ni wazuri kweli, dagaa wakubwa wa kiangazi wanachomwa kwa chumvi ya mawe, kama wa kwetu. Jua linazama karibu saa tatu usiku, kwa hiyo maghribi ni ya kuchelewa. Mimi nilipika mapema, nikaswali, nikalala bila kungoja giza.

Na upweke? Ulinijia siku ya sita na ya saba, nikiwa nimechoka na nguo mbichi. Niliweka siku moja ya mapumziko, nikafua, nikampigia dada yangu tukaongea mpaka simu ikazima. Panga siku mbili za namna hiyo tangu mwanzo, usizihesabu kama uvivu. Kilomita 50 kwa siku zinatosha. Bandu bandu huisha gogo.

Kutoka Odeceixe kwenda Sagres kaa kwenye barabara ya lami. Ile njia ya wavuvi kwenye majabali ni ya waendao kwa miguu, na mchanga wake unameza tairi. Kilomita za mwisho hadi mnara wa taa wa Cabo de São Vicente niliteremka nikasukuma, maana upepo ulikuwa unanivuta ubavuni kuelekea katikati ya barabara.

Kutoka Sagres ni kama kilomita 33 hadi Lagos, na hapo kuna treni ya mkoa inayopokea baiskeli bila malipo. Kopo la gesi halipandi ndege. Langu lilibaki nusu. Niliwaachia vijana wawili wa kambini Sagres waliokuwa wanaanza kupanda kaskazini, nikawaambia waamke alfajiri.